Yai la Bwana

Mimi Thembo mwana wa Maate, mhazini wa kanisa hapa juu ya Kilembe,
miaka kumi na tisa nimeshika kitabu chenye jalada jekundu:
safu ya jina, safu ya kitu, safu ya shilingi.
Mvua za Rwenzori zimekilowesha mara mbili,
mara mbili nimekianika karibu na jiko la makaa,
ukurasa kwa ukurasa.

Jumapili ya mavuno, baada ya baraka,
tulifanya mnada nje, kwenye ngazi.
Mikungu ya ndizi ilikwenda. Muhogo ulikwenda.
Maharage ya Mama Ithungu yalikwenda
kwa bei iliyomfanya acheke akijiziba mdomo.
Kisha akaletwa kuku wa Kabugho,
tetea wa rangi ya jivu, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba,
yule yule aliyenusurika juu ya paa
usiku Nyamwamba ulipochukua jiko, mbuzi na nusu ya shamba.

Elfu ishirini! Elfu hamsini!
Bwana Bwambale aliinua kidole, si mkono.
Laki moja.
Mwalimu Kule akajaribu, akakumbuka karo, akaketi.
Laki nne.
Makofi, vigelegele. Mchungaji akasema,
"Tazameni mtu aliyebarikiwa na Mungu."

Nami nikaandika. Mkono unaijua kazi yake.
Lakini mkono huo huo, mwezi wa kumi,
ulipokea pesa za magunia yangu sita ya kahawa
kwenye mizani ya Bwambale,
ile inayosahau kilo tatu kwa kila gunia.
Sote tunaijua. Tunaichekea.
Si ndiye aliyetuezekea kanisa?
Mvua ikinyesha hatusikii mahubiri,
tunasikia mabati yake.

Ndipo kuku akataga.
Chini ya meza yangu, kamba miguuni, makofi hayajaisha,
akataga, akatangaza kwa sauti kumshinda mnadi.
Wazee wa kanisa walicheka hadi wakashika nguzo.
"Langu hilo!" akasema Bwambale. "Nimenunua kuku na vilivyomo."
"La kanisa," akasema Kule, "hujalipa bado."
"La aliyemlisha," mtu akasema huko nyuma,
tulipogeuka, kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake.
Akaulizwa Kabugho.
Aliliangalia yai kama mtu anavyoangalia mtoto wa jirani.
"Nilishatoa," akasema. "Msinirudishe nyuma."
Akachukua kikapu chake, akashuka kuelekea mtoni.

Usiku, kwa taa ya sola, nilijumlisha.
Bwambale: laki nne. Kabugho: kuku mmoja.
Kutoa ni moyo, si utajiri, tunasema kapu likipita;
nimeitafuta safu ya moyo humu kitabuni, haipo.
Wala haipo safu ya kilichobaki nyumbani.
Yesu naye aliketi karibu na sanduku la sadaka,
akatazama watu wakitia, kama mimi,
ila Yeye macho yake yalifuata mikono
ilipokuwa ikirudi mitupu.

Sisemi mali ni dhambi. Nina watoto watano,
natamani mabati mwenzenu.
Ila kilo tatu mara sita ni kumi na nane,
nazo zimo ndani ya zile laki nne,
za Kule zimo, za Ithungu zimo,
huenda hata za marehemu mume wa Kabugho.
Basi kuku yule alinunuliwa na nani?

Bwambale aliondoka naye kwenye buti la gari,
yai akalisahau.
Nililiweka kabatini, ndani ya kopo la sadaka,
na mstari wa mwisho wa siku ile nikaandika:
yai moja, la Bwana.

Mkaguzi wa hesabu wa dayosisi alipokuja
aliweka kidole pale pale, akavua miwani.
"Bwana yupi?"
Nikamwambia asubiri kidogo,
nakwenda kutenga chai.